Viazi vya Mzee Bomba

Kinyaa hakina adabu, jamani. Hakiulizi nani mkubwa nani mdogo, na kikishamwingia mtu puani hakitoki kwa kuambiwa. Mchukue msusi mmoja, mke wa fundi umeme, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Pua. Mwanamke huyu alishinda kutwa na vichwa vya watu mikononi. Vichwa vyenye mba, vichwa vyenye jasho la wiki nzima, vichwa vyenye mafuta yaliyochacha, na mara mojamoja kichwa chenye wenyeji wanaotembea. Alivichambua, akavichana, akavisuka, na katikati ya kazi akaumega mkate kwa vidole vilevile akala. Hilo halikumsumbua hata kidogo. Lakini akikuta unywele mmoja kwenye mchuzi, wacha wee! Sahani inasukumwa, mdomo unazibwa, na siku hiyo hali tena.

"Unywele ukiwa kichwani ni pambo," alikuwa akisema. "Ukiwa kwenye mchuzi ni uchafu, na wala msibishane na mimi."

Basi Mungu naye ana mizaha yake. Pua hiyohiyo ikaolewa kwenye nyumba ya mnyonya vyoo.

Baba mkwe wake alikuwa ameshika bomba la gari la majitaka tangu ujana wake mpaka alipostaafu, ndiyo maana akaitwa Mzee Bomba. Kazi ile kila mtu anaihitaji na hakuna anayetaka kuiona. Shimo likifurika, anapigiwa simu kwa "tafadhali" na "mzee wetu". Likishakauka, waliompigia wanakunja nyuso na kuvuka barabara. Kwenye harusi ya jirani aliwekewa kiti pembeni, na glasi aliyonywea mwenye shughuli aliiokota kwa ncha za vidole akaitupa jalalani, mzee mwenyewe akiona. Alisikiliza hotuba zote, akapiga makofi, akaenda zake.

Fundi umeme alipomchumbia msusi alimwambia wazi, "Mimi nimesomeshwa kwa mavi ya watu. Kama huwezi kulisikia hilo, sema sasa hivi." Akasema anaweza. Alimpenda kijana wa watu, na mtu akipenda anasema anaweza hata asichokiweza. Siku ya kutambulishwa alimpa mzee mikono yote miwili na kuinama kwa heshima, kisha akajifungia bafuni akanawa mpaka vidole vikasinyaa.

Mama mkwe alipofariki, wale wawili wakahamia kwa mzee, maana nyumba ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja. Vyumba viwili na sebule, jiko la nyuma, ua wa saruji, bafu, na mwisho kabisa choo cha shimo chenye mlango wa bati. Fundi alitoka alfajiri na kurudi giza. Msusi alienda saluni mchana, asubuhi akabaki na mzee. Na mzee aliyestaafu ni balaa ndani ya nyumba. Hana pa kuiweka mikono yake.

Ndipo akaanza habari ya magunia.

Alianza na gunia moja, la mchele lililokwisha kazi. Akalisimamisha uani juu ya matofali, akachukua kopo kubwa lisilo na kitako akalisimika katikati, ndani ya kopo akatia kokoto, pembeni udongo, kisha akalivuta kopo juu kidogo, akatia tena, akavuta tena, mpaka gunia likajaa na katikati pakabaki nguzo ya kokoto ya kupitishia maji hadi chini. Halafu akatoboa matundu ubavuni na kuchomeka marando, vile vipande vya mashina ya viazi vitamu, kila tundu na kipande chake. Alifanya kazi hiyo taratibu huku akipiga mluzi. Bibi Pua alimtazama kutoka dirisha la jikoni na kikombe chake cha chai, na hakuona ubaya wowote, mpaka alipoiona ndoo.

Ilikuwa ndoo nyeusi yenye mfuniko. Mzee aliifunua, akatoa kitu cheusi, chenye majimaji, kinachonata, akakichanganya na udongo wa juu wa gunia kwa mikono yake miwili, mitupu, mpaka kwenye viwiko. Harufu ikafika dirishani. Si harufu kali, lakini ilikuwa harufu ya kitu kilichooza, na kwa pua ile ilitosha.

"Baba," akaita, "hiyo mbolea unaitoa wapi?"

Mzee akageuka, akacheka. "Ah! Hiyo ni siri ya kazi, mama!"

Alikuwa anatania. Mzee yule hakuwa na watu wengi wa kutaniana nao, na utani aliokuwa nao ulikuwa huo mmoja. Lakini msusi aliusikia kama hukumu. Siri ya kazi! Kazi gani nyingine aliyowahi kuifanya? Palepale akamwaga chai kwenye karo, akakimbilia chumbani na kujilaza na kitambaa puani. Kuanzia siku hiyo kila kitu kikawa ushahidi. Inzi akitua kwenye gunia, ushahidi. Majani yakistawi na kuwa mapana, yakining'inia kila upande, ushahidi, maana kisichostawi kwa mbolea ya namna ile ni kipi? Mzee akinawa, na alinawa kwelikweli, kwa sabuni na brashi ya kucha, mkono mmoja kisha mwingine mpaka juu ya kiwiko, nao ukawa ushahidi mkubwa kuliko wote. Mtu hanawi hivyo bure, alijiambia. Hakukumbuka kwamba mtu aliyeshika bomba maisha yake yote ananawa hivyo hata akitoka kusoma gazeti.

Udongo wa juu ulipoanza kupasuka, mzee alijua viazi vimenenepa. Hakung'oa mashina. Aliingiza mkono ubavuni, akapapasa, akatoa vikubwa, vidogo akaviachia viendelee. Akavilaza kivulini siku kadhaa ili utamu ukolee, halafu akavichemsha mwenyewe, akaviweka kwenye sahani nzuri ya marehemu mkewe, akavileta mezani na chai. Vilikuwa vya njano ndani, si vile vyeupe vya sokoni.

"Vya kwanza ni vyako, mama," akasema. "Mwanangu wa kiume atakula vitakavyobaki."

Sasa wewe niambie, mkwe anafanyaje hapo? Chakula cha baba mkwe hakikataliwi. Unaweza kusema umeshiba kwa mama yako mzazi, na atakukaripia, yataisha. Kwa baba mkwe huwezi. Na huyu alikaa mbele yake, viganja juu ya magoti, anamtazama mdomoni. Bibi Pua akakimenya kiazi. Mvuke ukampanda usoni. Akauona ule weusi wa ndoo, akaiona mikono ile imezama mpaka viwikoni, na mate machungu yakamjaa. Akakileta karibu na midomo. Uuwi! Bora kumeza msumari.

Bahati ikabisha hodi. Mtu wa kusoma mita alikuwa getini, mzee akanyanyuka. Aliporudi, sahani ilikuwa tupu na mfuko wa pochi ya msusi umetuna.

"Enhe?"

"Vitamu, Baba," akasema, na kufuta midomo ambayo haikugusa kitu. "Vitamu sana. Sijawahi kula viazi kama hivi."

Lo, alivyochanua yule mzee! Tangu mkewe afe hakuna aliyewahi kusifia kitu kilichotoka mikononi mwake. Hakuna mtu hata mmoja. Aliketi, akashika kikombe, akakiweka, akasimama, akaenda uani kuyatazama magunia kama aliyeambiwa amepata mjukuu. Msusi aliona yote hayo na akajisikia vibaya, na akajiambia ni mara moja tu, yameisha.

Thubutu! Uongo wa heshima una uzao mkubwa. Wiki iliyofuata magunia yakawa matatu. Baadaye yakapangwa ukuta mzima. Kamba ya nguo ikahamishwa. Gunia likasimamishwa chini ya dirisha la chumba chake, majani yakachungulia ndani. Yakazunguka bafu, yakafika mpaka kwenye mlango wa bati wa choo. Jirani akimuuliza, mzee anajibu kwa sauti ya kusikika kote, "Mkwe wangu anapenda viazi, nimfanyeje?"

Na kila asubuhi sahani mezani. Na mchana anamkimbilia getini na vibichi ndani ya mfuko: "Wapelekee na wenzako saluni!" Na msusi anachukua, anatabasamu.

Vinaenda wapi? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Pipa la nyumbani mzee alilichambua mwenyewe, kila ganda lilipita mikononi mwake, angeviona. Saluni kulikuwa na pipa moja la nywele, na mwenye saluni hana kufuli mdomoni. Kumpa mtu mwingine hakuweza. Dhamiri yake ilikataa: kitu ambacho wewe huwezi kukitia mdomoni kwa sababu unadhani ni kinyesi, unampaje mwenzako? Heri hata hilo alikuwa nalo. Basi palibaki mahali pamoja ambapo mtu huingia peke yake na mlango ukafungwa, wala haulizwi alikuwa anafanya nini.

Akawa anavitumbukiza chooni. Lakini hata kuvishika hakuweza, si unamjua sasa. Alivitia kwenye vile vifuko vya nywele bandia alivyokuja navyo kutoka saluni, vyenye picha ya mrembo, akakaza mdomo wa kifuko kwa fundo dogo lile wanalofungia ncha za nywele za kusuka, halafu chubwi. Akitoka anatema mate, ptuu, ananawa, anaenda kazini.

Kitu kimoja tu hakutaka kitokee duniani: mzee ajue. Alikwisha kuona furaha ya yule mzee ilivyoning'inia kwenye neno moja, vitamu. Watu walimtupia glasi yake jalalani. Yeye peke yake alikuwa mtu aliyekula chakula chake. Usiku alipanga kumwambia mumewe, asubuhi akaogopa. Mumewe angemkumbusha siku ile ya uchumba. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye alijua hivyo, akaendelea kuficha.

Shimo likajaa.

Mzee Bomba alilisimamia na tochi, akakuna kidevu. "Ajabu," akasema. "Shimo hili lilikuwa bado na maisha marefu. Watu watatu tu tunalijazaje?" Akatoa simu. Bibi Pua akaruka.

"Baba, kuna kampuni moja mpya, nasikia wanafanya vizuri..."

"Kampuni mpya ya nini, mama, na wenzangu wapo? Hao watakuja leo hii."

Wakaja. Dereva, mtu mnene mwenye kicheko cha kukohoa, na mshika bomba aliyerithi kazi ya mzee. Wakapitisha bomba uani, na mzee akawasimamia kama mwenye harusi: "Angalia magunia! We, inua bomba, usiliburuze hapo! Mtanichafulia viazi vya mkwe wangu!"

"Tumesikia, Mzee, tumesikia!" Mshika bomba akamkonyeza msusi, aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni na ndoo ya maji, amebana pua, rangi imemtoka. "Dada, mkweo huyu atatuua. Unajua tulitaka kumpa mbolea bure? Yale mavi ya bwawa tunalomwagia, yaliyokauka zamani, wakulima wanagombania. Katutukana matusi ya nguoni! 'Nina mkwe ana kinyaa, nyie washenzi, msisogee na takataka zenu.' Sasa kila alfajiri namwona kantini ya stendi na ndoo yake nyeusi anabembeleza wapishi wampe masimbi ya chai. Mzee mzima anaomba majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa!"

"Majani ya chai?" akauliza msusi.

"Na maganda ya mayai. Anasema mkwe wake lazima ale kitu safi."

Msusi akaiweka ndoo chini. Alitaka kucheka, alitaka kulia, na kabla hajachagua, mashine ikakohoa. Bomba likatetemeka, likanyonya hewa, likatulia.

"Limeziba," dereva akasema. "Kuna kitu."

Mshika bomba akaingiza mti wenye kulabu, akachokoachokoa huku na huko. Mzee hakuvumilia kuona kazi inaharibiwa. Akavaa glavu, akamsukuma pembeni, akapiga goti kwenye saruji na kuingiza kulabu, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza. Akavuta. Kikatoka kifuko. Akakimwagia maji. Mrembo mwenye nywele ndefu akatokea, anatabasamu. Mzee akakipasua.

Viazi. Vya asubuhi ile, vimechemshwa, vimemenywa nusu, njano yake haijapotea.

Akaingiza tena kulabu. Kifuko kingine, na kingine. Vibichi, vilivyokuwa vya wenzake saluni, vimeoza vimekuwa uji mweusi, harufu ikapanda hata wale wazoefu wakageuza shingo. Vyote vimefungwa fundo moja, dogo, zuri, la mtu anayelifunga kutwa nzima. Mzee akalishika fundo la mwisho kati ya vidole viwili vya glavu. Mlangoni hakutazama.

"Salaale!" dereva akasema. "Nani kamwaga chakula chooni? Huyo ni binadamu kweli?"

"Mimi," mzee akasema.

"Wewe?"

"Vilikuwa vimeharibika. Nikavitupa."

Dereva akamtazama, akakitazama kifuko. "Wewe na nywele bandia wapi na wapi, Mzee?"

"Nimesema ni mimi. Washa mashine."

Dereva akawasha. Bomba likanyonya mpaka shimo likaisha. Bibi Pua alikuwa bado amesimama palepale. Kinyaa alikuwa nacho tele, lakini si cha shimo tena. Alijionea kinyaa mwenyewe, mikono yake mwenyewe, na tabasamu lake la kila asubuhi ndilo lililomchefua kuliko vyote.

Walipomaliza, mzee aliwanawisha wenzake uani, sabuni na brashi ya kucha, mpaka juu ya viwiko, naye akanawa mwisho. Kisha akaingia jikoni, akabandika sufuria. Alikuwa anachagua viazi, kimoja kimoja, msusi alipoingia nyuma yake.

"Baba."

"Naam, mama."

"Nisamehe, Baba. Mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Wote hudhani hivyohivyo."

"Nipe nile sasa. Nitakula mbele yako, Baba, haki ya Mungu, nitakula vyote."

Mzee akafunika sufuria. Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira, na hilo ndilo lililomchoma.

"Usile, mwanangu. Kuonewa kinyaa mimi nimekuzoea. Mtu akikunja uso namjua, napita zangu, wala simchukii. Ila wewe uliniambia vitamu. Nikaamini, mtu mzima mimi. Nikajaza nyumba magunia." Akapangusa meza iliyokuwa safi. "Ungekunja uso tu kama wenzio. Ningejua nikuweke wapi."

Viazi vilipoiva, mzee akachukua sufuria, akatoka nayo uani. Wakaketi kwenye ngazi, watu watatu wa bomba, wakamenya kwa vidole, wakapuliza, wakala. Mvuke ukaingia mpaka jikoni, na kwa mara ya kwanza pua ile ikaupokea bila kuona ndoo wala shimo. Kilikuwa kiazi kitamu tu, cha moto, kilichokaa kivulini mpaka kikakolea.

"Mzee, hivi una asali ndani?" dereva akasema, mdomo umejaa. Akageuka akamwona msusi mlangoni, ameshika sahani. "Dada, njoo basi, vinaisha!"

"Mwacheni," mzee akasema, akimsogezea mshika bomba kipande kikubwa. "Msimlazimishe mtu chakula."

Wakaendelea kula. Bibi Pua akabaki amesimama na sahani tupu mkononi, mate yamemjaa mdomoni, na hakuna aliyemkaribisha tena.